Upande wa Manju Shilinde

Kaka Maduhu,

Mwangaluka. Naanza na salamu maana ulizoea kunisema kwamba mimi Kabula nikifungua mdomo ni kama nimefukuzwa na nyuki. Haya, leo nimesalimia. Sasa tulia unisikilize, maana kuna jambo nilikuficha, na umeondoka bila kulijua.

Kwanza habari za mjini. Tangu biashara iachiwe huru, hapa Somanda kila mlango ni duka. Wanunuzi wa pamba nao wameingia na malori yao, na kila mmoja anataka jina lake ukutani. Yule mchora mabango tuliyemwonyesha kwenye filamu yetu ya kwanza hana hata muda wa kunywa chai. Ananiambia ungekuwepo ungempiga picha upya, kwa sababu sasa ana ngazi yake mwenyewe. Unakumbuka alivyojiona kwenye televisheni pale ukumbini? Alivua kofia, kama ameingia mkubwa. Watu walikucheka ulipoanza, wakauliza Bariadi nayo ina wasanii gani. Ukawajibu kwa filamu za dakika kumi kumi: mchora mabango, mama mfinyanzi, mshona ngoma. Kila filamu ilipoonyeshwa, waliocheka ndio waliokaa mbele.

Kamera mama yako alinikabidhi tulipomaliza matanga yako, ingawa mimi si wa tumbo lake. Nilijikaza vizuri tu mpaka nilipofungua mfuko wa pembeni wa begi na kukuta maganda yako ya karanga. Nililia hapo, kaka. Miaka yote nikikugombeza kwamba unachafua begi, halafu nalilia maganda. Bado yamo, sijayatupa.

Sasa jambo lenyewe. Ni ile siku kule Nkololo, baada ya mavuno, Manju Nkwabi aliposhindana na Manju Shilinde. Mambo ya kwetu unayajua: manju wawili, kila mmoja anaongoza ngoma yake kwa kuimba, ngoma mbili uwanja mmoja, zinapigwa kwa wakati mmoja, wala hakuna mwamuzi. Watu wenyewe wanahama kwa miguu yao, na atakayebaki na umati ndiye mshindi. Sisi tukaweka kamera upande wa Nkwabi, kwa sababu tu jua lilikuwa mgongoni kwetu. Shilinde tulisema tutamfuata baadaye.

Wewe jicho lako lilikuwa kwenye kitundu cha kamera. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti, na macho yangu yalikuwa huru. Nikaona. Upande wa Shilinde ulikuwa umejaa mpaka wengine wamepanda kwenye mkokoteni, naye alikuwa anaimba, ee Mungu wangu, sijapata kusikia. Kisha vijana wawili wakaiona kamera. Wakaja mbio. Wakafuatwa na kina mama, na watoto, na wazee wenye fimbo, kila mtu anatafuta mahali picha itamkuta. Shilinde alimaliza wimbo wake mbele ya watu ambao ningeweza kuwaalika wote chakula cha mchana. Nkwabi akabebwa juu juu. Shilinde akavua njuga, akazifunga kwenye kitambaa, akaondoka na baiskeli yake.

Ningekugusa tu bega. Ungezima kamera papo hapo, nakujua. Sikukugusa, kwa sababu picha ilikuwa nzuri na niliitaka. Halafu nyumbani nikaandika maelezo na kuyasoma kwa sauti yangu: "Umati wenyewe ulimchagua Nkwabi." Ukanisifu. Ukasema hakuna sauti kama yangu kanda ya ziwa nzima.

Shilinde hakuimba tena. Alibaki na kazi yake ya kutengeneza baiskeli karibu na soko. Ulimwendea mara tatu ukimwomba umtengenezee filamu yake, akakataa mara tatu, nawe ukarudi unashangaa mtu mzima gani anasusa kwa kushindwa mara moja. Mimi nikabaki nakumenyea karanga. Na hata pale kitandani, sauti imekuisha, bado ukaniambia, "Kabula, Shilinde usimwache."

Nimekwenda, kaka. Juma lililopita. Nilimkuta anaziba pancha, nikachuchumaa na kumwambia yote, mpaka yale maelezo ya uongo. Hakuinua kichwa. Alizungusha mpira ndani ya beseni la maji akitafuta tundu, mpaka akalipata. Akasema alijua tangu siku ile, alikuwa anangoja nani kati yetu wawili atasema. Nikamwambia wewe hukujua. Nikamwapia, Maduhu, kwa jina lako, kwamba wewe hukujua. Hapo ndipo aliponitazama.

Nikamwomba basi tumpige picha, tukamilishe kazi yako. Akanijibu, "Nitaimba tena, ila njoo kwanza kama mtu. Hiyo mashine yako itakuja siku nyingine."

Nilikasirika njia nzima, unanijua nilivyo. Nilipofika nyumbani hasira ikaisha, nikaona ana haki.

Kwa hiyo mambo ni haya. Pamba ikishavunwa, Shilinde atavaa njuga tena, ameniahidi. Atashindana na Nkwabi, uwanja ule ule. Ile kanda ya Nkwabi nimeamua sitaionyesha tena popote mpaka nimeisomea maelezo mapya, ya kweli. Kamera nitaiacha kwa mama yako siku hiyo, na kipaza sauti pia. Nitakwenda asubuhi na mapema, nisimame upande wa Shilinde tangu ngoma ya kwanza, na hata uwanja wote ukihama mimi sihami.

Lala salama, kaka yangu. Karanga nitabeba. Na viwiko nitavitanua hivi, mtu asinisogelee ubavuni, kwa sababu hapo umesimama wewe.

Mdogo wako,
Kabula