Ndama wa Kundi Lisiloogeshwa

Mpendwa Baba,

Nakusalimu mwadila, maana mchana umeshaingia. Mama hajambo, mimi ndiye nisiye sawa. Nimekaa kwenye kiti chako cha ngozi hapa Mwamapalala. Ungekuwa hai ningekuuliza tu.

Unakumbuka siku za josho? Ulinipandisha ukutani, ng'ombe wakitumbukia mmoja mmoja, dawa ikiturukia hadi usoni, nawe ukicheka kwamba leo hata mtoto wako hatapata kupe. Josho lile limekauka, Baba. Serikali imeacha kuleta dawa. Siku hizi inauzwa madukani Bariadi, na asiye na uwezo anaangalia tu. Ndilo nililochagua kwa shahada yangu ya uzamili: jinsi ndama wanaoogeshwa na wasioogeshwa wanavyokua na wanavyougua. Majirani walinipa ndama kwa sababu yako. Mama akatoa wa yule ng'ombe aliyerudi kutoka Lingeka baada ya mazishi yako. Kura ikamtupa kwa wasioogeshwa.

Wewe uligawa ng'ombe, wengine ukawaweka kwa rafiki yako kule Lingeka, ili ugonjwa ukija usiwamalize wote. Mimi nimewagawa ili ugonjwa upate pa kuingilia, nami nipime. Wazo hilo halinitoki kichwani.

Asubuhi nilimshika ndama wa Mama chini ya sikio, ulivyonifundisha. Tezi imevimba. "Mayu, ukikuta kokwa hapa, usingoje jioni," ulikuwa ukisema. Dawa ya ndigana, ugonjwa huu wa kupe, ninayo. Lakini nikimtibu anatoka kwenye utafiti, na wenzake kadhaa wameshatoka hivyo hivyo. Akitoka huyu naye, kundi halitoshi tena, na sijui kama chuo kitaniruhusu kuanza upya.

Mama alipita akanikuta nimeduwaa.

"Mayu, mbona huyu hanyonyi?"

"Namwangalia, Mama."

"Haya. Wewe ndiye daktari." Akachukua jembe akaenda kupalilia pamba. Anavyoniamini ndivyo vinavyonitisha kuliko msimamizi wangu.

Nimeshachemsha sindano, Baba. Nitamdunga, kisha nitafute la kuwaambia chuoni. Hilo nalo linaniogopesha, ila si sana tena. Ninachoogopa ni kivuli cha nyumba. Kimeshafika zizini, na kikifika hapo wewe ulikuwa unaita jioni.

Ngoja niende.

Binti yako,
Mayu