Mafuta ya Magoti Haipande Ndege

Yaya Ngalula,

Mudogo wako niko muzima, juu ya mulima ya Amerika yenye kugusa mbingu. Mi niliigusa, iko baridi.

Huku bangi inauzishwa mu butiki safi kama farmasi, na sheria inakubali. Unaonyesha tu pasipoti, ila kuivuta mu njia hapana. Mi nilizoea kwetu batu banakimbia polisi juu yake, njo maana niliingia kwa kuangalia nyuma. Polisi alikuwa pale, akanifungulia mulango.

Nikaomba mafuta ya bangi ya kupakaa, juu ya magoti yako isiyopanda tena ngazi ya kanisa. Mutoto wako Mbuyi, mwenye kunitafsiria, akanishika mukono, mimi mujomba wake.

"Tonton, kununua ni ruhusa. Kuibeba mu ndege ni kifungo."

"Nitaificha mu kiatu. Pale Dilolo, ku mupaka, nilipitishaka ng'ombe muzima, askari wa douane hakuona."

"Hapa iko imbwa, tonton. Inanusa mpaka mawazo."

Basi nikapakaa magoti yangu mwenyewe, yenye kazi ya mugodi iliharibu. Kesho yake nikapanda mulima mpaka juu, bijana nyuma yangu banapumua kama treni.

Mafuta inabaki huku, yaya, unisamehe. Lakini magoti yangu yenye kupona inarudi kwetu. Siku ya Mungu ya kwanza nikisharudi, nitakubeba mu mugongo, ngazi yote ya kanisa, bamama ba korali baone.

Asubuhi ile usikule sana.

Mudogo wako mwenye kukupenda,
Kalonji