Fishi ya Védaste

Jumatatu, 8 Julai 2013, Mubi
Watu 212 waliopotea vitani, Masisi hadi Walikale. Kazi yangu ni kuwaingiza kwenye programu tuliyoletewa kutoka mbali. Klasi yake ya Mtu, kiolezo cha kila fishi, yaani kadi ya mtu, imefungwa — haibadilishwi, hairithiwi. Na konstrukta, ile sehemu inayounda, haitengenezi fishi mpaka uiambie: yuko hai, ndiyo au hapana. Hakuna jibu la tatu. Aliyeandika hii hajawahi kumtafuta ndugu yake!

Jumatano, 10 Julai
Penye nia pana njia. Nimetunga klasi yangu, Anayetafutwa — jina, kijiji, siku ya mwisho kuonekana. Ndani yake nafasi ya Mtu, tupu, ijazwe siku tutakapojua. Imekubali! Nimeingiza 211. Aliyebaki ni Védaste, kaka yangu. Alikwenda kulima Kibua, miaka miwili sasa hajaonekana. Nitamwingiza kesho, nimejiambia. Uongo mtupu.

Ijumaa, 12 Julai
Balaa. Sehemu ya kuchapa orodha inamjua Mtu tu, kwa hiyo nilimgeuza kila anayetafutwa kuwa Mtu kwa muda. Konstrukta ikadai jibu la "yuko hai"; nikaipa nafasi ambayo sikuwa nimeijaza. Na Java, lugha ya programu hii, ukiiacha nafasi hiyo tupu, yenyewe huweka hapana. Orodha ikatoka: wote 211 wamekufa. Mkuu wangu Benoît akaibandika mlangoni bila kusoma.
Kwetu, bila maiti hakuna matanga. Leo karatasi ya ofisi ikachukua nafasi ya maiti. Nilipofika kwa Mama Adelaïde, muuza mawese, alikuwa ameketi chini, majirani wamemzunguka, anamlilia mumewe. Nikamwambia mashine ilikosea, hatujui kama amekufa. Akatikisa kichwa.
— Miaka tatu nilikuwa nangoja. Leo njo nimelia. Usinirudishie kungoja, mutoto yangu.

Jumapili, 14 Julai
Orodha iliyosahihishwa iko mlangoni. Jana kutwa nilipita nyumba kwa nyumba. Wengine walishukuru, wengine walinifungia mlango. Kinachonitesa ni kingine: nilipoona wale 211, nilifurahi kwamba Védaste hayumo. Tangu hapo namsikia akikohoa nje ya ukuta, kile kikohozi chake cha sigara. Natoka — hakuna mtu. Naogopa.

Jumatatu, 15 Julai
Mama amefika kutoka Masisi, siku mbili kwenye pikipiki. Amesikia Mubi kuna orodha. Kaketi kando ya kompyuta, kauliza mtoto wake ameandikwa wapi. Nikasema naweza kumweka kwa wanaotafutwa. Kakataa.
— Andika hapana, tukae matanga. Shamba yake ya kule nyumbani imekuwa pori. Papa yako hataki muntu aiguse, anasema mwenyewe iko njiani.
Nimeandika jina. Nimeandika Kibua. Vidole vimegoma hapo. Mama kanitazama, sauti yake ya upole kabisa.
— Ukishindwa, unionyeshe pa kugusa. Njo mimi nilimuzaa.
Ametoka kunawa uso. Naandika hii haraka — anarudi, anajipangusa mikono kwa kitenge, amevuta kiti.