Mama Mkwe Amesusa Ubatizo kwa Sababu ya Jina la Dolores

Mpendwa Bi Hidaya, nakuandikia mtoto akiwa kifuani na simu mkononi, kwa hivyo nisamehe nikichanganya mambo, lakini nyumbani kwangu kumeingia baridi ambayo si ya kiyoyozi na nisipopata wa kunishauri wiki hii sijui itaishia wapi. Mimi ni muuguzi, Mkenya wa Nyeri, naishi Al Thumama hapa Doha na mume wangu Mwangi ambaye ni mtu wa kompyuta, na mwezi uliopita Mungu alitupa binti, wa kwanza, mzuri hadi wenzangu wodini wanapigania kumbeba, na nasema hivyo kwa kujivunia kabisa. Sasa kwetu Wakikuyu binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, na si jina tu, tunasema yule nyanya amezaliwa tena, hata Mwangi akimbadilisha mtoto nepi humwita "mami".

Mama mkwe wangu ni Dolores Wanjiru. Hilo Dolores alipewa na mtawa Mhispania aliyemzalisha mama yake kwenye zahanati ya misheni, na hajawahi kukubali lifupishwe, ukimwita Dolly hageuki. Nisidanganye, huyu mama namheshimu sana, aliachwa mjane na watoto wadogo akawasomesha wote kwa maziwa na majani chai, na siku walipoleta mahari kwetu, wazee walipoanza kubishana, alisimama akasema, "Mimi Dolores sikuja kununua mtu, nimekuja kuomba binti," nami nikalia kwa fahari.

Shida ilianzia kazini, ambako nina mwenzangu Mhispania, Nieves, nikamuuliza Dolores ni nini, akaniambia ni uchungu, ni mateso, linatokana na Bikira Maria Mama wa Mateso, na kwamba enzi za bibi yake kila nyumba kwao ilikuwa na Dolores lakini leo ukiita jina hilo sokoni wanageuka vikongwe, wasichana wadogo wanaitwa Lola, ambalo zamani lilikuwa mkato wa Dolores na sasa linasimama lenyewe. Bi Hidaya, mimi nashinda nikiuliza wagonjwa maumivu yamefika wapi, nirudi nyumbani nimwite mwanangu Maumivu? Na mila inadai Wanjiru, na Wanjiru nimempa! Nikaona nimepata dawa, nikampigia mama mkwe simu nikamwambia kwa furaha, "Shosho, mtoto ataitwa Lola Wanjiru, ni jina lako tu lakini la kisasa." Akasema, "Basi mimi sijazaliwa," akakata simu.

Viza anayo, tiketi anayo, gauni la ubatizo wa Ijumaa ijayo pale kanisani Mesaimeer ameshashonesha, na sasa anasema haji ng'o. Mwangi ameniambia, "Si ungeniuliza kwanza, kabla umwambie mathe jina lake limepitwa?" na tangu hapo haongei nami. Nifanye nini? Nami nina kiburi changu, sijazoea kuomba msamaha kwa jambo nililolifanya kwa nia njema.

Roselyne, Al Thumama

BI HIDAYA ANAJIBU

Roselyne mwanangu, hongera ya mtoto, Mungu amkuze. Pongezi zinaishia hapo kwa sasa.

Umekwenda kumuuliza Mhispania maana ya jina, ukamwacha mwenye jina. Nieves hakukudanganya, lakini alikupa habari za Uhispania, na wewe hukuolewa Uhispania. Kwenu Dolores maana yake ni mwanamke aliyesomesha watoto kwa maziwa akasimama mbele ya wazee kukutetea. Umeniandikia haya kwa mkono wako mwenyewe, tena kwa fahari, kisha unaniuliza jina lina ubaya gani!

Na hilo la uchungu limenichekesha. Kwetu Unguja tuna kina Tabu, tuna kina Shida, tuna kina Mashaka. Shangazi yangu Tabu kahiji, kazeeka na meno yake, na hakuna bibi harusi mtaani aliyepambwa bila yeye kuitwa. Mama yake alimpata kwa tabu, na kila alipomwita alikuwa anajisifu, halii. Jina la namna hiyo hutolewa na mtu aliyevuka shida akatoka na mtoto mkononi. Wewe umetoka leba juzi tu, hilo nikufundishe mimi?

Unasema mila inadai Wanjiru. Sawa, mahakamani ungeshinda. Lakini kina Wanjiru wamejaa Nyeri nzima, na Dolores wa ukoo huo ni huyo mmoja. Ulidhani unampa zawadi, kumbe umemwambia amechakaa. Ndiyo maana akakujibu neno zito kuliko yote katika mila yenu, nawe unanihesabia viza na gauni.

Mpigie leo. Usitume ujumbe, piga ya video mwonane uso kwa uso. Habari za Uhispania ziweke kapuni. Mwambie, "Mama, nimekosea, jina ni lako na mtoto atalibeba zima," kisha nyamaza. Akishapoa, mweke mtoto mapajani mwako umwombe bibi akusimulie habari ya yule mtawa, na usimkatize hata mtoto akilia. Kiburi chako sikwambii ukitupe, maana mwanamke asiye nacho Doha hii hadumu. Kihamishe tu, ujivunie kwamba mwanao ana jina lenye mwenyewe.

Lola mwachie bibi yake. Akipenda kumdekeza nalo nyumbani, heri, asipopenda lisahau. Na usitishwe na mitindo, majina hutoka na kurudi. Mwanao akifika umri wa kuchumbiwa, huenda kina Nieves wakawa wanamgombania Dolores upya. Mwangi naye aache kununa, mama ni wake na yeye ndiye alipaswa kulisema jina mapema.

Atakuja au hatakuja, hilo ni lake. Lakini Ijumaa padri atauliza mtoto huyu mmempa jina gani. Mwangi asifungue mdomo. Mtu akuelekezee simu ili walio Nyeri wasikie, na ujibu wewe, Roselyne, kwa sauti, jina zima.