Gesi Imebaki Kidole Kimoja

Kaka,

Maji ya kuoshea kidonda cha Mama nimeshayachemsha, yako kwenye chupa ya chai. Usiwashe jiko! Nimeumwagia mtungi maji ya moto, nikaupapasa: ubaridi wa gesi umebaki kidole kimoja kutoka chini. Alama ya chaki utaiona. Hicho kidole ni cha kidonda cha Mama, si cha chai yako.

Mtungi wa pili, ule mtupu, nimeondoka nao. Ndiyo, nimekwenda kwenye foleni ya bohari ya gesi, ile uliyonikataza. Leo wanamalizia akiba.

Asubuhi ulinicheka mbele ya Mama: "Mabalozi wagombane huko, wewe uliyeishia shule ya msingi uhangaike na mtungi?" Kaka, tangu nchi jirani imfukuze balozi wetu, nimekuwa nikihesabu kwa chaki malori ya gesi yanayotoka mpakani huku nikifua kando ya barabara. Jumatatu tisa. Jumanne manne. Jana hata moja. Redio yako inasema gesi ipo tele. Chaki yangu inakataa.

~~Nisamehe kwa kukuvunjia heshima.~~

Hapana, hiyo nimeifuta. Siombi radhi.

Mgeuze Mama saa nne, taratibu, alalie ubavu wa kushoto. Akiuliza niko wapi, mwambie ukweli.

Ulisema wapiganapo tembo nyasi huumia, kwa hiyo nitulie. Nyasi hazina miguu, Kaka. Mimi ninayo, na sirudi na mtungi mtupu.

Mdogo wako wa shule ya msingi