Mluzi Wangu wa Kwenye Sinema

Jumatatu, 3 Machi

Bila mimi, ile sinema ya dereva wa lori isingetazamwa hata na mbuzi. Kweli tupu! Watu wamesahau hadithi, wamesahau waigizaji, lakini ule mluzi kwenye wimbo wa mwisho — nani haujui? Mluzi wangu. Nilipoupiga, kioo cha studio kilipata ufa. Kiongozi wa bendi alilia, akaniomba nisirudie, atazimia.

Leo mpwa wangu kaja mbio. Wanatengeneza sinema ya pili, muziki anausimamia yeye. Kazi yake ya kwanza kubwa. Mjomba, wanautaka mluzi wako tena, mpya, mrefu zaidi, Alhamisi saa nne! Bosi wa sinema ameshaahidiwa mpigaji mwenyewe, wa damu na nyama.

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Jumanne, 4 Machi

Jino linauma. La mbele.

Mke wangu anasema jana jino hilohilo lilivunja mfupa. Nikampigia mpwa. Eti nisijali, studio wana dawa ya maumivu. Watoto wa siku hizi hawaheshimu hata ugonjwa wa mtu!

Anasema wameupata stoo utepe wa zamani wa ule wimbo. Nitausikiliza kwanza nijikumbushe. Nijikumbushe! Mimi!

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia dada yangu, mama yake mpwa. Nikazunguka weee, habari za magoti, habari za paa linalovuja, ndipo nikafika kwenye mluzi. Akacheka mpaka akakohoa. Kaka, miaka thelathini na moja umeula huo mluzi peke yako, sasa tafuna na mfupa wake. Akakata simu!

Mke wangu naye: mbona tangu tuoane hajanisikia nikipiga mluzi hata bafuni? Nikamwambia mwenye bunduki hafyatulii sebuleni.

Alhamisi, 6 Machi

Niko chooni. Choo cha studio. Bahati daftari lilikuwa kwenye koti.

Fundi mitambo alinivisha hedifoni, akawasha ule utepe, na sauti ikatoka pia kwenye spika. Kumbe tepe za asili zina mpaka maneno ya kabla ya wimbo! Mbona hakuna aliyeniambia? Likasikika lile lizee, kiongozi wa bendi, likifoka: "Wewe mshika mlango, acha kukohoa!" Kisha kicheko cha msichana. Kisha mluzi.

Fundi akauliza mshika mlango ndiye nani. Mpwa hakuuliza. Kicheko kile anakijua tangu tumboni. "Mjomba," akasema polepole, "huyo si mama?"

Nikaomba kwenda haja.

Haya. Siku ile ya kurekodi komeo la studio lilikuwa bovu, nikauegemea mlango kwa mgongo usilie. Hiyo nayo ni kazi! Ungelia, wimbo wote ungeharibika. Na baba hakutaka binti yake apige mluzi, basi tukakubaliana tuseme ni mimi, dada asichapwe. Baba yuko kaburini mwaka wa kumi na tisa. Nilisahau kuurudisha mluzi kwa mwenyewe.

Mpwa anagonga. Mjomba, bosi ameshafika! Mjomba, nimempigia mama, yuko tayari kuja, ila anasema umwombe wewe, kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya watu.

Mdomo wangu! Nimeujaribu hapa mbele ya kioo mara saba. Unatoa upepo na mate. Hata mluzi wa kumwita mbwa sijui.