Nimetupa Baharini Maneno Ishirini na Manne ya Mke Wangu

Mpendwa Bi Furaha, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mke wangu hajafumua mto wake wa kulalia, maana siku atakayoufumua sijui nitauweka wapi uso wangu.

Mimi naendesha boti ya wageni hapa Utende, Mafia, na mke wangu Sabra analima mwani, na tumeishi miaka tisa vizuri tu mpaka alipokuja mwalimu mmoja wa bara, Valence, mjuzi wa kompyuta, akamfundisha jambo linaloitwa masternodi, yaani unanunua sarafu za mtandaoni unazifunga ziwe dhamana, halafu unakodi seva, kompyuta iliyo nchi ya mbali huko, inashinda na kukesha ikiuhudumia mtandao wa sarafu hizo, na kila baada ya siku kadhaa unapata ujira kidogo. Sabra akauza bangili zake za dhahabu, bangili za mahari nilizomvisha mimi, akanunua hizo sarafu, na kila Jumamosi akawa yuko barazani kwa mwalimu, mkewe Apolonia anakaanga mihogo pembeni, wao wameinamia simu, mara seva imezima, mara seva imeamka, na akirudi nyumbani anatabasamu peke yake. Mimi sijawahi kuletewa tabasamu lile.

Nasema kweli, wivu ulinila. Nikawa nanusa kanga zake. Nikawa nahesabu mara anazomtaja Valence wakati wa kula, na siku moja zilifika kumi na moja.

Sasa siku hiyo natafuta kibiriti kitandani nikapapasa mto wa Sabra, nikakuta ndani kitu kimeshonewa kitambaa cheusi, kidogo kama hirizi, nikafumua pembeni nikaona karatasi ina maneno ya Kiingereza yamepangwa kwa namba, moja hadi ishirini na nne, hayaungani wala hayaeleweki, kwa mwandiko wa Sabra mwenyewe, nikajua moja kwa moja mwalimu kamwandikisha dawa ya mapenzi. Hirizi ya namna hiyo kwetu haichomwi nyumbani, inatupwa maji makuu, basi kesho yake nilipowapeleka wageni kisiwa cha Shungimbili nikaifunga na jiwe nikaizamisha njiani, na ili asijue nikashona nyingine kwa mkono wangu huu unaoshona turubai la boti, ndani nikatia kipande cha boksi la majani ya chai, nikairudisha palepale.

Juzi Sabra akanikalisha chini. Akaniambia, "Mume wangu, nimeshona karatasi ndani ya mto wangu. Simu ikifa, maneno yale ndiyo yatakayorudisha sarafu zote, na yakipotea zimepotea. Nilipokuwa nayaandika mwalimu aliinuka akatoka nje, akasema asiyaone mtu. Nakwambia wewe tu, nisije nikaondoka duniani ukakosa."

Nikamjibu, vizuri. Simu yake imepasuka kioo na kila bamvua, maji yakikupwa sana, anashuka nayo kwenye mwani. Nikimwambia ataniacha, nisipomwambia bangili zimekwenda, na usinicheke Bi Furaha, hata leo akisema "mwalimu" naanza kuhesabu. Nifanyeje?

Ukasha, Utende

Marahaba, Ukasha. Nimecheka, nisikufiche, halafu nikakuonea huruma, halafu nikakasirika.

Kumwonea mkeo wivu si kosa, ni mkeo. Lakini jitazame. Umeweza kuhesabu jina la mwalimu mara kumi na moja, ukashindwa kumuuliza Sabra swali moja: hiki ni nini? Apolonia umemtaja mwenyewe, yuko hapohapo anakaanga mihogo. Watu wenye lao hawakutani hivyo. Na mwandiko uliutambua kuwa ni wa mkeo, bado ukauogopa.

Nimemuuliza Luqmani, fundi wa kompyuta hapa ofisini kwetu. Anasema sarafu hazikai kwenye ile seva, wala hazikuzama na jiwe lako. Maadamu simu ya Sabra inawaka na namba yake ya siri anaijua, atafungua humo pochi mpya, yaani mahali pa kuwekea sarafu, ataandika maneno mapya, atahamishia sarafu huko. Masternodi itasimama, itabidi isajiliwe upya, atakosa ujira wa siku chache, basi. Lakini simu ikiingia maji kabla ya hapo, hakuna fundi wala mwalimu wa kumsaidia.

Kwa hiyo usisubiri bamvua lingine. Mwambie leo, kabla hajashuka pwani. Usianze na mwalimu wala usianze na wivu, anza na "nimeitupa". Akifoka nyamaza, ana haki ya kufoka. Akitaka kwenda kwa mwalimu kusajili upya, msindikize mwenyewe mpaka barazani, ukae, ule mihogo, ujifunze hiyo lugha inayokunyima raha. Na usijidanganye kwamba unaweza kuficha. Mshono wako wa turubai ataujua siku atakayofua foronya.

Ukasha, mwalimu unayemwonea wivu hayajui maneno yale. Aliinuka akatoka. Duniani kote mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa yalipo, na ni wewe. Basi uwe wewe wa kumwambia kwamba hayapo.